Kama tulitokana na nyani, mbona nyani bado wapo?

"Shikamoo mwalimu. Binti yangu wa miaka 11 ameanza kusoma habari za binadamu wa kale, na jioni moja akaniuliza: kama tulitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Nikakosa jibu, nikamwambia amalize kula. Lakini swali limenikaa kichwani. Nilipoanza kujisomea nikazidi kuchanganyikiwa. Wanasema binadamu kama sisi yupo kwa miaka 300,000. Sasa muda wote huo alikuwa anafanya nini? Miji, maandishi, vyuma, ndege, vyote vimekuja juzi tu. Nimesikia wanaosema lazima kuna kitu kiliingia katikati: ama ubongo uliwaka ghafla, ama kuna waliokuja kutoka nje ya dunia wakatufundisha. Mimi ni mtu wa dini. Sitaki kumtoa mtoto kwenye imani yake, na sitaki kumdanganya pia. La mwisho: tulipokuwa tunachimba msingi wa nyumba lilitoka jiwe lenye umbo la tone la maji, lina ncha, lina makali pande mbili, na linakaa vizuri sana mkononi. Nimeliweka kabatini. Linaweza kuwa kitu?"

Marahaba. Umeuliza mambo manne kwa mpigo na yote nitayajibu. Jiwe lako nitaliweka mwisho, ingawa ndilo lililonifanya nikae kuandika usiku huu huu badala ya kungoja kesho. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja tu: usilioshe wala usilisugue.

Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua hasa si nyani. Unahisi hadithi nzima ina pengo: mnyama yuko ng'ambo hii, mtu mwenye ndege yuko ng'ambo ile, na katikati hakuna daraja. Wenye habari za wageni kutoka nje ya dunia huingilia kwenye pengo hilo. Lakini pengo lenyewe halipo. Limetokana na namna tunavyosimuliwa mambo haya, kwa kurukaruka, leo fuvu, kesho piramidi.

Tuanze na neno. Nyani tunayemjua kwa Kiswahili ni yule mwenye mkia na mdomo mrefu kama wa mbwa. Hakuna mtaalamu anayesema mtu alitokana na huyo. Sisi tulilichukua jina lake tukalitandaza juu ya kundi zima, tumbili, kima, mbega na sokwe, na kosa likaanzia hapo. Ukoo wa nyani na ukoo wa sokwe ulitengana zamani mno. Katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, yamepatikana mataya mawili yenye umri wa miaka kama milioni 25, moja la kiumbe wa upande wa sokwe na jingine la kiumbe wa upande wa nyani. Maana yake wakati huo walikwisha kuachana, na mtu alikuwa bado hajafikiriwa.

Aliye karibu nasi kuliko wote ni sokwe mtu, pamoja na nduguye bonobo. Na hata huyo hatukutokana naye. Sisi na yeye tuna babu mmoja aliyeishi Afrika miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Kwa hiyo mjibu binti yako kwa swali: wewe na binamu yako mna bibi mmoja, sivyo? Je, wewe ulitokana na binamu yako? Na kwa kuwa wewe umezaliwa, binamu yako atoweke? Mtoto wa miaka 11 atalielewa hilo haraka kuliko watu wazima wengi niliowahi kufundisha.

Kutengana kwenyewe huenda hivi. Chukua kundi moja la wanyama. Ukame unaukata msitu vipande viwili, au mto unahama njia yake, na waliobaki huku hawakutani tena na wa kule. Kila anayezaliwa ana tofauti ndogo na wazazi wake, kwa sababu jeni, yaani vinasaba, zinaponakiliwa hutokea makosa machache. Makosa mengi hayana athari yoyote, mengine yanadhuru, machache yanafaa kwa mahali pale alipo mnyama yule. Aliyefaidika anaishi zaidi kidogo, anazaa zaidi kidogo, na watoto wake wanairithi tofauti ile. Hakuna anayekusudia kubadilika. Wala haikuwahi kutokea siku ambayo mama wa aina moja alijifungua mtoto wa aina nyingine. Siku hiyo ndiyo watu wanayoitafuta, na wakiikosa wanadhani nadharia imeanguka. Fikiria lugha. Hakuna mama aliyesema Kibantu cha kale akajifungua mtoto anayesema Kiswahili. Kila mtoto alielewana na mama yake, kizazi hadi kizazi, na bado leo Kiswahili na Kizulu ni lugha mbili.

Na mabadiliko hayo hayajakoma. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya maziwa vizuri. Uwezo huo huzimika baada ya utoto. Kati ya wafugaji wa Afrika Mashariki na kati ya watu wa Ulaya uwezo huo ulibaki kwa wengi, lakini kwa badiliko la jeni ambalo ni jingine huku na jingine kule, na yote mawili yalienea katika miaka elfu chache tu iliyopita, baada ya watu kuanza kufuga. Matatizo yaleyale, dawa mbili tofauti.

Sasa nikuombe uifute kichwani ile picha ya viumbe waliopanga foleni, wa kwanza ameinama na wa mwisho amesimama wima. Imetuharibia sana. Inafanya ionekane kama kulikuwa na safari moja yenye mwisho uliopangwa, nao mwisho ni sisi. Hali halisi inafanana na kichaka chenye matawi mengi. Miaka 100,000 iliyopita dunia ilikuwa na aina kadhaa za wanadamu kwa wakati mmoja: wa aina yetu Afrika, Neanderthal Ulaya na magharibi mwa Asia, Denisovan mashariki zaidi, na wale wafupi wa kisiwa cha Flores, Indonesia, ambao kimo chao kilikuwa kama mita 1. Matawi mengine yalikauka, letu likabaki. Tena halikubaki safi: watu wengi wenye asili ya nje ya Afrika wana vinasaba vya Neanderthal kama asilimia 2 mwilini mwao, kwa sababu walipokutana walizaana. Svante Pääbo, aliyeongoza kazi ya kusoma vinasaba vya mifupa hiyo ya kale, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Kuna jambo jingine lililowakosesha usingizi wataalamu wenyewe. Wengi wao zamani waliamini ubongo ndio uliotangulia kukua, kisha mwili ukafuata, maana walitaka akili iwe ndiyo iliyotufanya watu. Mwaka 1912 huko Piltdown, Uingereza, likatangazwa fuvu lenye ubongo mkubwa na taya la kisokwe, likapokewa kwa shangwe. Miaka 12 baadaye Raymond Dart akapata Afrika Kusini fuvu la mtoto wa Taung, lenye ubongo mdogo lakini dalili za kutembea wima, na wakubwa wa fani wakalipuuza. Mwaka 1953 ikabainika kwamba lile la Piltdown lilikuwa udanganyifu, fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani, sokwe wa Asia, lililopakwa rangi. Wa Taung ndiye aliyekuwa wa kweli. Nakueleza hili kwa sababu umesema hutaki kumdanganya mtoto. Mwambie na hili pia, kwamba wataalamu walidanganywa kwa miaka 40, na waliofichua udanganyifu ule walikuwa wataalamu wenzao waliorudi kuupima mfupa upya.

Ushahidi kwamba miguu ilitangulia ubongo uko Laetoli, Tanzania. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkeno ilimwaga majivu, mvua nyepesi ikanyesha, na majivu yakawa kama saruji mbichi. Viumbe kadhaa wakapita juu yake. Majivu yakakauka, mengine yakafunika, na timu ya Mary Leakey ikazifukua nyayo hizo mwaka 1978. Mstari wake una urefu wa mita 27 hivi. Nimesimama mbele ya nakala yake ya plasta mara nyingi, na kila mara nayatazama mambo mawili. Kisigino kimezama, kama chako unapotembea kwenye mchanga wa pwani. Na kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine, hakikuchomoza pembeni kama cha sokwe anayeshika matawi. Ukitazama kwa karibu zaidi utaona vishimo vidogo vya matone ya mvua ile. Waliopita pale walikuwa jamii moja na yule aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambaye dunia inamwita Lucy na Waethiopia wanamwita Dinkinesh. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi ya wetu. Alitembea kama sisi, na hakuna dalili kwamba aliwaza kama sisi.

Nisikucheleweshe kwenye mamilioni ya miaka yaliyofuata. Mawe yakaanza kuchongwa, ubongo ukakua, aina iitwayo Homo erectus ikatoka Afrika na kufika Asia karibu miaka milioni 1.8 iliyopita, na moto ukaja kutumiwa. Mifupa ya mwanzo kabisa ya watu wa aina yetu inayojulikana ni ya Jebel Irhoud, Morocco, yenye miaka kama 300,000. Hapo ndipo swali lako zito linapoanzia: walikuwa wanafanya nini?

Hawakukaa bure. Nikupeleke Panga ya Saidi, pango lililo karibu na pwani ya Kenya. Miaka 78,000 iliyopita mtoto wa umri wa miaka 2 na nusu hadi 3 alifariki. Waliokuwa naye walichimba shimo dogo pangoni, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya mabega ilivyobana inaonyesha sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu kilichokwisha kuoza, na namna kichwa kilivyoinama inaonyesha kiliwekwa juu ya kitu laini kama mto, nacho kikaoza. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Mifupa ilikuwa imelainika mno kiasi kwamba ililazimika kufungwa kwenye plasta na kubebwa pamoja na udongo wake. Ni kaburi la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Mimi nikifika hapa huwa naacha habari za ubongo kuwaka ghafla. Mtu anayemtafutia mtoto wake aliyekufa kitu cha kulaza kichwa hahitaji kuelezewa kwamba bado hajafikia utu.

Wala hawa hawakuwa peke yao. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, miaka 100,000 iliyopita watu walisaga udongo mwekundu, wakauchanganya na mafuta ya mifupa ndani ya kombe la konokono wa baharini, yaani walitengeneza rangi na kuihifadhi. Afrika Kusini hiyohiyo kuna vibapa vidogo vya mawe vya miaka zaidi ya 60,000 vilivyochongwa ili vipachikwe kwenye mipini kwa gundi ya kuchemsha. Na wale waliofika Australia, miaka isiyopungua 50,000 iliyopita, walivuka bahari, maana hata maji yalipopungua katika enzi ya barafu haikuwapo nchi kavu ya kuwafikisha. Chombo kilijengwa. Safari ilipangwa kwa maneno.

Kwa nini basi miji haikuja wakati huo?

Kwanza ni hali ya hewa. Barafu ya Greenland imejipanga tabaka kwa tabaka, mwaka juu ya mwaka, na wanaoitoboa wameisoma kama daftari. Inaonyesha kwamba kabla ya miaka 11,700 iliyopita joto la kule lilikuwa likipanda na kushuka kwa nyuzi zaidi ya 8 ndani ya miongo michache, tena mara nyingi. Tikisiko hilo lilifika mbali duniani kwa sura ya ukame na kuhama kwa mvua. Na hewa yenyewe ilikuwa na kaboni dayoksaidi kidogo kuliko baadaye, kwa hiyo mimea ilikua kwa unyonge. Katika dunia ya namna hiyo mwenye kukaa mahali pamoja akitegemea mmea mmoja anakufa, na mwenye kuhama anaishi. Kutolima ilikuwa busara.

Pili ni uchache. Vikundi vilikuwa vidogo na vimetawanyika. Maarifa yote yalikaa vichwani, na bingwa mmoja wa gundi akifa bila mwanafunzi, gundi imekwenda naye. Vile vibapa vya Afrika Kusini vilitengenezwa kwa vizazi vingi, kisha vikatoweka, na vitu vya aina ile vikaonekana tena baada ya maelfu ya miaka. Hii ndiyo picha ninayotaka uibebe: taa iliwashwa mara nyingi na kuzimwa mara nyingi, hadi watu walipokuwa wengi na wa karibu kiasi cha kupokezana kabla haijazima.

Hali ya hewa ilipotulia, kilimo kilianza sehemu nyingi ambazo hazikuwa na habari za wenzao. Ngano na shayiri katika upinde wa nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania hadi Iraki. Mpunga na mtama mdogo China. Mahindi Meksiko. Viazi milima ya Andes. Ndizi na magimbi Papua Guinea Mpya. Mtama mashariki mwa Sudan, uwele kusini mwa Sahara huko Mali. Kila watu walichukua mmea wa porini uliokuwa mlangoni mwao. Mimi naona hili peke yake linatosha kumjibu anayesema tulifundishwa na wageni. Mwalimu gani huyo aliyewapa hawa mahindi na wale ngano, akawapishanisha kwa maelfu ya miaka, tena akawaacha wengi wasubiri zaidi ya miaka 5,000 kati ya kulima na kuandika?

Na kazi yenyewe ilikuwa ya polepole, inaonekana kwenye punje. Suke la ngano ya porini likikomaa hupukutika. Kila kijipunje hujikata na kuanguka, na pale kilipojikata hubaki kovu laini. Lakini mara mojamoja huzaliwa suke lenye hitilafu, lisilopukutika. Porini suke hilo halina mustakabali, punje zake zimekwama juu. Akija mtu na mundu, mambo yanageuka: yaliyopukutika yameanguka chini, yaliyokwama ndiyo anayoenda nayo nyumbani, na baadhi yake ndiyo anayopanda. Mwaka baada ya mwaka, bila kujua, anachagua hitilafu. Wanaochunguza punje zilizoungua kwenye majivu ya kale hutazama kovu lile kwa hadubini: kama ni laini, ilipukutika yenyewe, kama limechanika, ililazimika kupurwa. Na kadiri tabaka linavyokuwa la karibuni, yaliyochanika yanaongezeka kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka 1,000. Hivyo ndivyo ushahidi wa watu kujifunza wenyewe ulivyo.

Sitaki udhani kilimo kilikuwa baraka tupu. Mifupa ya wakulima wa mwanzo katika sehemu nyingi ni mifupi kuliko ya wawindaji waliowatangulia, meno yameoza zaidi, na dalili za upungufu wa damu ni nyingi. Kukaa pamoja na mifugo na kinyesi kulileta maradhi. Mbona hawakurudi nyuma? Kwa sababu shamba hulisha watu wengi kwa eneo dogo, hata kama linawalisha vibaya, na wakishazaliwa watoto wale pori halitoshi tena. Kwa hiyo neno ustaarabu naomba ulitumie kwa uangalifu mbele ya binti yako. Linatusukuma kumwona asiyejenga mji kama mtu aliyechelewa. Wahadzabe wanaowinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, si mabaki ya zamani. Ni watu wa leo, wenye historia ndefu sawasawa na ya mwenye simu mfukoni.

Ghala likishajaa, lazima mtu ahesabu. Maandishi ya mwanzo kabisa yanayojulikana, ya Uruk, kusini mwa Iraki, karibu mwaka 3300 KK, hayana hadithi wala sala. Mengi ni hesabu kwenye vibao vya udongo: shayiri kiasi hiki, kondoo wangapi, pombe ya nani. Lakini mara tu maarifa yalipotoka kichwani na kukaa kwenye udongo, kifo cha bingwa hakikuzima tena taa. China na Amerika ya Kati walivumbua maandishi yao baadaye, kila mmoja kivyake. Kuanzia hapo mwendo unaoushangaa, wa vyuma, meli, mashine na ndege, ni mkusanyiko unaojiongeza: vichwa vingi zaidi, vinavyopokezana haraka zaidi, bila kuanza upya. Watu walifika bilioni 1 mwanzoni mwa karne ya 19. Umoja wa Mataifa ulitangaza tumefika bilioni 8 mwezi Novemba 2022.

Na piramidi, maana najua ndipo wengi wanapokimbilia. Katika Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 2013 yalipatikana mafunjo ya kiongozi wa kikosi aliyeitwa Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi watu wake walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, enzi za Farao Khufu. Kabla ya hapo, huko Dahshur, mafundi walianza piramidi kwa mteremko mkali mno, wakaubadilisha katikati ya ujenzi, na hadi leo imesimama imepinda. Aliyetoka nje ya dunia na ujuzi wa nyota asingepinda.

Ukitaka binti yako auone muda huu kwa miguu yake, nenda naye kwenye uwanja mpana, muhesabu hatua 300, kila hatua miaka 1,000. Mtoto wa Panga ya Saidi atakuwa hatua ya 222. Shamba la kwanza litakuwa zimebaki hatua 11 au 12, maandishi hatua 5 na kidogo. Mashine za mvuke zilizoanzisha viwanda haziufikii hata urefu wa unyayo wake.

Kuhusu imani sitajifanya sheikh wala mchungaji. Ninaloweza kukuambia kwa uaminifu ni kwamba watu wa dini wenyewe hawakubaliani hapa. Wapo wanaosema sayansi hueleza namna na dini hueleza kusudi, na hawaoni ugomvi. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wapo wanaoyasoma maandiko neno kwa neno na kukataa umri huu wa mamilioni ya miaka. Hawa siwezi kuwaambia ushahidi uko upande wao, kwa sababu hauko. Na wapo waumini wengi wanaobaki na maswali bila kuyafunga. Ushauri wangu ni usimweke mtoto kwenye njia panda ya kuchagua kati ya darasa na sala akiwa na miaka 11. Mwonyeshe nini kimechimbwa na kupimwa, na nini kinaaminiwa, na mwache ajue ni vitu viwili. Akisikia mtu akisema "hiyo ni nadharia tu", mweleze kwamba katika sayansi nadharia si kinyume cha vitendo. Ni maelezo yaliyokwisha kujaribiwa yakasimama. Na kama jambo hili linakunyima raha moyoni, au unaona mtoto ana hofu, msilibebe peke yenu. Nendeni kwa kiongozi wenu wa dini mnayemwamini, mkae naye ana kwa ana, tena mwache mtoto aulize mwenyewe.

Sasa jiwe. Unavyolieleza linafanana na shoka la mkono, chombo kilichoanza kuchongwa miaka milioni 1.76 iliyopita magharibi mwa Ziwa Turkana, na kikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni. Olorgesailie nchini Kenya na Isimila nchini Tanzania mashoka ya namna hiyo yamelala ardhini kwa mamia. Lakini mto nao huchonga mawe, na jembe la mchimbaji pia. Litazame kwenye mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni. Kama makali yamezungukwa na vishimo vilivyopangana, kila kimoja kina umbo la kigamba cha samaki, vinapishana upande huu na upande ule, na matuta madogo kati yake, basi kuna mkono wa mtu. Kama jiwe ni laini kote, au kovu ni moja na lina rangi mbichi tofauti na sehemu nyingine, huenda ni jembe lenu au maji. Nilipofundishwa kuchonga mwenyewe niligundua kwamba huwezi kubahatisha: kila pigo linaandaa mahali pa pigo linalofuata, na ukikosea pembe jiwe linapasuka katikati.

Hata hivyo mimi siwezi kulithibitisha kwa maneno, na picha pekee haitoshi. Tena jiwe lililotoka mahali pake limekwisha kupoteza nusu ya habari zake, kwa sababu umri husomwa kwenye tabaka la udongo lililolikumbatia. Kwa hiyo andika leo, kabla hamjasahau: lilikuwa kina gani, udongo wa rangi gani, upande gani wa msingi, na kama kulikuwa na mifupa au mawe mengine ya namna ile. Kama yapo, simamisheni uchimbaji pale kwa siku chache. Msichimbe zaidi kutafuta. Usiliuze, wala usimpe anayejitolea kulinunua; katika nchi nyingi mali kale ni ya umma na kuiuza ni kosa. Lipeleke makumbusho ya taifa au kwenye idara ya mambo ya kale iliyo karibu, uombe kuonana na mtaalamu wa zana za mawe. Lifunge kwa kitambaa kikavu, liweke kwenye boksi pamoja na karatasi ya maelezo yako. Nenda na binti yako, na njiani mwache yeye alibebe.